Mlima Ulio Ndani ya Mtungi

Jumanne saa tisa usiku bomba letu hukohoa. Kama umewahi kupanga Zimmerman au Githurai, hiyo sauti unaijua: kwanza hewa, halafu maji yenye rangi ya chai ya rangi, halafu maji yenyewe. Ploti nzima huamka. Ndoo, mitungi, beseni, sufuria ya ugali, kila chenye tumbo hujazwa, maana kesho yake mchana bomba litakuwa limenyamaza na halitafungua mdomo tena kabla ya wikendi. Ukilala, utanunua kwa mkokoteni, na bei ya mkokoteni anaijua mwenye mkokoteni.

Nimeishi hivyo miaka sita. Kwa mitano ya hiyo sikuwahi kuuliza maji hayo yanatoka wapi. Nilichojua ni nani wa kutukanwa yasipofika: landilodi kwanza, serikali pili, Mungu tatu. Sasa nimejua yanatoka wapi, na nimeona aibu, na kwa kuwa sipendi kuona aibu peke yangu, nakuletea na wewe sehemu yako.

Maji ya Nairobi ni mlima. Ni Nyandarua. Sehemu kubwa ya unachokunywa, unachoogea, unachopikia githeri na kuflashia choo, ilinyesha juu ya safu hiyo, ikaingia kwenye udongo wa msitu, ikatoka kama kijito, ikakusanywa kwenye bwawa la Ndakaini kule Gatanga, Murang'a, ikasafishwa Ng'ethu, ikateremka kwa bomba hadi Gigiri na Kabete. Kwa sehemu kubwa ya safari hakuna mashine inayoyasukuma. Jiji liko chini, mlima uko juu, na maji yanajua njia. Bwawa dogo la Sasumua, la tangu miaka ya 1950, nalo hunywa mlima huohuo. Ruiru vilevile ni mteremko uleule.

Lakini muulize mtu wa Nairobi milima ya jiji lake ni ipi. Atanyoosha kidole Ngong. Bila shaka Ngong ni mizuri. Ukisimama juu, kwenye mita 2,460, upande mmoja una jiji na upande wa pili ardhi imedondoka hadi kwenye joto la Magadi, na mitambo ya upepo inazunguka juu ya kichwa chako. Tumeipiga picha tukaimaliza. Ngong ni sura ya Nairobi. Nyandarua ni figo zake, na nani hupiga picha figo?

Nisiseme uongo: Nyandarua pia tunaenda. Kila Jumamosi kabla jua halijatoka utaona mabasi madogo yamepanga foleni Thika Road, vijana wamevaa buti mpya na shuka begani, wanaelekea Njabini kupanda Elephant Hill. Nimeenda mara tatu. Unapita mashamba, unaingia mianzi, unateleza kwenye tope hadi pale wapandaji wenyewe wanapopaita Point of Despair, unafika juu, ukungu umefunika kila kitu, unapiga picha ya ukungu. Ukirudi unaandika kwamba mlima umekufundisha uvumilivu. Mara zote tatu nilibeba maji ya chupa niliyonunua supamaketi, nikayapandisha mlimani, nikayanywa juu ya chemchemi zinazolisha bomba la nyumbani kwangu. Hakuna aliyetuambia tulikuwa tumekanyaga nini. Kiongozi wa safari alituambia tu tusiache takataka.

Hasira yangu inaanzia hapo. Tumejifunza kuuona mlima kama mahali pa kwenda. Kitu cha wikendi, cha elfu mbili na mia tano pamoja na chakula cha mchana. Mahali pa kwenda pakiharibika unahamia pengine, hata hukasiriki sana. Nyandarua haina pengine.

Hata jina tunaloliita linatusaidia kusahau. Aberdare. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huku mwaka 1883 na 1884, aliipa safu jina la Lord Aberdare, aliyekuwa rais wa Shirika la Kifalme la Jiografia kule London. Bwana huyo hakuwahi kuiona. Jina lenyewe ni la mji wa Wales. Wakikuyu walikuwa wanaiita Nyandarua kwa sababu mgongo wake, ukiutazama kwa mbali, umekaa kama ngozi iliyowambwa ikauke. Wamaasai nao kilele cha kaskazini wanakiita Ol Doinyo Lesatima, mlima wa ndama dume. Ni majina ya watu waliotazama. Sisi tuna uhuru wa miaka zaidi ya sitini na bado tunaandika "Aberdares" kwenye kapsheni. Sisemi kubadilisha kapsheni kutajaza tanki. Nasema tu mtu huwa hapiganii kitu ambacho hata jina lake amekopa.

Ajabu ni kwamba mkoloni alijua kile tunachojisahaulisha. Wapiganaji wa Mau Mau walipokuwa Nyandarua na Mlima Kenya, Waingereza walirusha mabomu msituni, kisha wakagundua kwamba msitu unaishi kwa sababu ya jiji. Dawa, risasi, nguo, vijana, vyote vilitoka Nairobi usiku. Ndiyo maana Aprili 1954 wakaizingira Nairobi, mtaa kwa mtaa, na kukamata watu kwa maelfu: Operesheni Anvil. Lengo lilikuwa kukata kamba kati ya mlima na jiji. Wakati huo kamba ilipanda, ikibeba vitu kwenda juu. Leo inateremka tu. Jiji linapokea na hakuna kinachorudi.

Wacha nikueleze mlima wenyewe, kwa sababu mtu hawezi kudai kitu asichojua kimekaaje.

Nyandarua ni safu ya volkeno za zamani iliyolala kutoka kaskazini kwenda kusini kwenye ukingo wa mashariki wa Bonde la Ufa. Kaskazini kuna Lesatima, karibu mita 4,000. Kusini kuna Kinangop, mita 3,906. Katikati kuna uwanda mrefu wa juu, zaidi ya mita 3,000, baridi, wa nyasi za vishungi, lobelia kubwa kuliko mtu, na kuvu na ukoga unaolowa kama sponji. Upande wa magharibi safu inakatika ghafla hadi uwanda wa Kinangop, kule kwa viazi na kabeji na maziwa. Upande wa mashariki inateremka polepole, na maji yameuchana mteremko huo kuwa migongo na mabonde, mgongo, bonde, mgongo, bonde. Kama umewahi kupanda matatu kwenda Kangema au Gatanga ukahisi tumbo limebaki kwenye kona, uliyokuwa unapita ni kazi ya maji ya Nyandarua.

Upepo wenye mvua hutoka Bahari ya Hindi. Ukifika kwenye ukuta huu hupanda, hupoa na kuachilia. Kwa hiyo mashariki ndiko kunakonyesha zaidi, na huko ndiko kuna msitu mnene: juu mianzi, chini yake miti mikubwa ya podo na kafuri, chini yake mkanda wa majani chai, kisha mashamba ya watu. Kila tabaka lina kazi. Ukungu hunaswa na majani hata siku ambayo hakuna mvua. Udongo wa msitu, mweusi, wa majani yaliyooza miaka na miaka, hunywa mvua ya Aprili na kuitoa kidogokidogo hadi Agosti. Ukiondoa msitu mvua haitakoma kesho, itaendelea kunyesha, ila itakuja chini yote kwa siku moja, na udongo ndani yake, na Agosti mto utakuwa mawe.

Mito yenyewe: Chania, Thika, Maragua, Mathioya, Gura, yote huishia Tana. Malewa huteremka upande mwingine na kulisha Ziwa Naivasha, kwa hiyo waridi lako la Februari kumi na nne nalo ni Nyandarua. Ewaso Narok huenda kaskazini, Laikipia, hadi kwa wafugaji ambao hawajawahi kusikia Elephant Hill. Mlima mmoja, na nusu ya nchi imeweka midomo.

Ndakaini inachukua lita bilioni 70 ikijaa. Inalishwa na mito mitatu tu, Thika, Githika na Kayuyu, yaani na vipande fulani vya mteremko fulani. Unakumbuka 2018? Mgao ulikuwa umeanza Januari 2017. Aprili 2018 mvua ikaja kwa fujo, South C ikawa bahari, magari yanaelea, na bado tukaambiwa bwawa halijajaa. Tulicheka sana mtandaoni. Nilituma memu mwenyewe. Hatukuelewa kwamba mvua iliyozamisha South C haina hata njia ya kufika Ndakaini: hiyo inaingia Mto Nairobi na uchafu wetu, inaenda Athi, inaenda Sabaki, inaenda baharini. Jiji linaweza kuzama na kufa kiu siku hiyohiyo. Kinachoamua ni kinachotokea kwenye vile vipande vya mlima, na hakuna hata mmoja kati yetu, tuliokuwa tunacheka, aliyeweza kuvionyesha kwenye ramani.

Nyanyangu angeweza. Cucu anaishi mgongo wa pili kutoka Ndakaini. Ukisimama kwa mlango wa jikoni yake unaona bwawa linang'aa chini kama bati jipya. Alikuwepo walipokuja kupima ardhi, alikuwepo majirani walipohama, alikuwepo bonde lilipojaa miaka ya tisini mwanzoni. Na Cucu hana maji. Anao mfereji, lakini maji hana. Mradi fulani uliwawekea mifereji, ukapiga picha, mifereji ikatoa maji msimu mmoja ikanyamaza. Sasa hutumia mvua ya paa, na kiangazi hushuka kwa kijito na mtungi wa lita kumi kwa sababu wa ishirini magoti yalikataa. Ana miaka themanini na moja. Anashuka kwa mtungi huku akitazama maji yangu.

Nilipoligundua hilo, na nililigundua nikiwa mtu mzima mwenye digrii, nilimuuliza kama hukasirika. Alisema, "Wewe huko unaoga?" Nikasema naoga, siku zingine. "Basi si yanafika." Halafu akanipa chai.

Sikumwambia kwamba miaka michache kabla, kaunti yake ilipodai kulipwa sehemu ya mapato ya maji yanayouzwa Nairobi, mimi nilikuwa kati ya wale waliosema "maji ni ya Mungu." Ni rahisi sana kusema maji ni ya Mungu ukiwa upande ambao bomba linateremkia. Mungu haleti bili ya mwezi. Bili inakuja, tunalipa, na kwenye hiyo bili hakuna mstari unaosema: hii ni ya mwanamke wa mgongo wa pili aliyeacha kulima ukingo wa kijito ili maji yako yasije na tope.

Kisha ukaja mtaro wa chini ya ardhi, ule wa kukusanya maji ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyaleta Ndakaini. Kilomita 11.8 ndani ya mwamba. Mwaka 2016 ukawa siasa: huyu anasema Murang'a itakuwa jangwa, yule anasema ni propaganda, na baada ya wiki mbili tukawa tunajadili makabila badala ya mito. Waliojenga walisema utachota maji ya mafuriko tu, si ya kila siku. Pengine ni kweli. Ila sikumbuki mtu mmoja wa Nairobi, yaani mnywaji, akisimama kuuliza: nani atapima kila siku, na mtu wa Kangema ataviona wapi hivyo vipimo? Lilikuwa swali letu. Tuliwaachia wao, tukawaita wachoyo.

Kuna rafiki yangu tunabishana naye kuhusu barabara. Ni mtu wa Ndunyu Njeru, babake analima viazi. Barabara ya lami kutoka Ihithe, Nyeri, hadi Ndunyu Njeru ingekata katikati ya safu, kwenye msitu, mianzi na ule uwanda wa juu. Mwaka 2024 kesi ikafika mahakamani. Ananiambia: "Nyinyi watu wa Nairobi mna lami hadi kwa choo. Babangu akitaka kufika Nyeri anazunguka Nyahururu au anashuka hadi Thika, viazi vinaoza kwa gunia. Halafu mnakuja kuhike Jumamosi na kumwambia barabara itasumbua ndovu."

Ananikamata vizuri hapo, nakubali. Na kuna jambo lingine ambalo wenzangu wanaopinga barabara hupenda kuliruka: hiyo njia haipiti juu ya Ndakaini. Iko kaskazini zaidi. Mito ya huko inaingia Tana, inajaza Masinga na mabwawa yanayofuata, inakuwa umeme. Simu unayosomea haya huenda imechajiwa nayo. Kwa hiyo tusimtishe mzee wa viazi na kiu ya Nairobi mahali ambapo siyo.

Hata hivyo naipinga. Naipinga kwa sababu barabara ya lami msituni huwa haibaki barabara. Kwanza ni lami, kisha kibanda cha chai, kisha lori la usiku, kisha makaa, kisha moto uliowashwa na mtu aliyekuwa anapasha mikono. Mwaka 2003 ripoti ya uchunguzi wa ndege juu ya safu hii ilionyesha tanuri za makaa na miti ya kafuri iliyokatwa ndani kabisa, na huko kulikuwa hakuna lami. Uzio wa umeme wa karibu kilomita 400 ulijengwa kwa miaka ishirini, 1989 hadi 2009, kwa pesa na jasho, ili kuziba mlima. Kuuziba miaka ishirini kisha kuutoboa katikati ni hesabu gani? Lakini nikishasema hapana kwa babake rafiki yangu, nina deni. Lazima niseme viazi vyake vitapitia wapi. Barabara ya kuzunguka ikiwa mbovu, lami yake iwe dai langu mimi wa Zimmerman, kwa sauti ileile ninayodaia maji. Hapo ndipo wapinzani wengi wa barabara hukohoa kama bomba la Jumanne. Tuliweka alama ya reli, tukasaini ombi, tukaendelea na maisha. Na Julai 2023 marufuku ya kukata miti, iliyokuwepo tangu Februari 2018, ilipoondolewa, tulijadili siku ngapi? Mbili? Mashamba ya misonobari si msitu wa asili, najua. Lakini najua pia msumeno husikia vizuri ukiruhusiwa na husikia vibaya ukikatazwa.

Haiko kwamba hakuna kinachowezekana. Tangu 2015 kuna mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, unaosaidia wakulima wa huko kukata matuta, kupanda nyasi kwenye kingo za mito, kuchimba mabwawa madogo ya mvua, ili udongo ubaki shambani na maji yaje safi. Wazo ni la kawaida kabisa: anayekunywa amsaidie anayetunza. Niliuliza watu kumi na wawili kwenye ploti yetu kama wamewahi kuusikia. Mmoja alidhani ni chama. Kampuni kubwa zinazotumia maji zinajua kwa nini ziweke pesa huko, kwa sababu tope linaharibu mitambo. Sisi tusio na mitambo hatukualikwa, na hatukubisha hodi pia.

Mimi ningetaka mstari kwenye bili. Shilingi kumi, ishirini, iliyoandikwa waziwazi: Nyandarua. Ningetaka ijulikane imekwenda mgongo gani, imefungua mfereji wa nani. Ningetaka mtoto wa darasa la nne Kasarani achore Thika, Githika na Kayuyu kabla hajachora Nile. Ningetaka lile basi la Jumamosi lisimame Ndakaini nusu saa, watu washuke na buti zao mpya, watazame maji, kisha wapande kilima nyuma yake waone nyumba zenye mifereji mikavu. Picha wapige tu, sitawakataza.

Utaniambia Wanairobi wenyewe hawana maji, mbona niwabebeshe mzigo wa watu wengine. Nimeishi na mgao miaka sita, hunidanganyi kuhusu ndoo. Lakini tazama maji yanayofika yanaenda wapi. Kuna mitaa ya jiji hili ambayo nyasi zake hunyweshwa mchana wa jua kali, na kuna mitaa inayonunua kwa mtungi kwa bei ambayo mwenye nyasi hajawahi kulipa. Cucu na mama wa Mathare wako kwenye foleni moja, ncha mbili za bomba moja, na wote wawili wamefundishwa kudhani mwenzake ndiye anayemmalizia.

Siku hizi Cucu hunipigia kukinyesha. Hata salamu haishi. "Huku kumeshuka, tangu saa nane. Kubwa." Nyuma ya sauti yake nasikia bati. Namwambia ameweka ndoo? Anasema ameweka zote, na sufuria. Wiki iliyopita alinipigia saa nne usiku na kuniuliza kama yamefika. Nikamwambia, Cucu, hayafiki siku hiyohiyo, yanakaa kwanza udongoni, halafu bwawani, halafu Ng'ethu. Akanyamaza kidogo.

"Hayo najua," akasema. "Nimeuliza tu kama yamefika."

Nimemtumia pesa ya kununua tanki la lita elfu moja na mfereji wa paa. Fundi anasema Jumamosi. Ni Jumamosi ya Elephant Hill, nimeshalipia, na sitarudishiwa.